Mto Rutshuru Huulizwa Mara Ngapi kwa Siku?

Karibu na mji wa Rutshuru, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Goma, maji ya mto Rutshuru huingia katika mitambo ya Matebe, kituo cha umeme kilichozinduliwa Desemba 2015 chini ya mpango wa maendeleo wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Huzungusha mashine zenye uwezo wa takriban megawati 13, kisha hurudi mtoni na kuendelea kushuka nyikani hadi ufuko wa kusini wa Ziwa Edward. Huko ndiko kiliko kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi, na mitumbwi yake, samaki wake, na ndege aina ya marabu wanaotembea sokoni bila kumwogopa mtu.

Mvuvi wa Vitshumbi na fundi wa kituo cha umeme wanashughulika na maji yaleyale. Mvuvi huyasoma kwa macho: rangi, upepo, mkondo. Fundi huenda asiyaone kutwa nzima. Anakaa mbele ya skrini yenye namba, na nyuma ya kila namba kuna mtu aliyeamua mambo mawili siku mfumo wa kompyuta ulipowekwa: kitu gani kiulizwe, na kiulizwe kila baada ya muda gani. Maamuzi hayo hayasikiki mjini. Hata hivyo, umeme unaopikia nyumba iliyoachana na makala, kama mkaa unavyoitwa Kongo ya mashariki, na pampu inayosukuma maji ya Goma, vyote vinayategemea.

Tuanze na kitu kinachoulizwa. Mafundi hukiita pointi. Pointi moja ni swali moja: kina cha maji mlangoni, joto la beringi, kasi ya mashine, swichi imefunga au imefungua. Kila pointi hupewa jina, anwani ya kifaa kinakotoka, kizio chake, na mipaka yake ya chini na ya juu.

Hiyo mipaka ndiyo huponza wengi. Vihisi vingi vya viwandani hutuma habari kwa mkondo mdogo wa umeme, kuanzia miliampia 4 hadi 20. Tuseme kihisi cha kina kimewekwa kupima mita 0 hadi 5. Kikituma miliampia 12, yaani katikati kabisa, kina ni mita 2.5. Sasa fundi akiandika kwenye kompyuta kwamba kipimo ni mita 0 hadi 10, skrini itaonyesha mita 5. Kihisi ni kizima, waya ni mzima, kompyuta ni nzima, na jibu ni uongo. Hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Kwa nini kipimo kianzie 4 na si 0? Hapa kuna busara ambayo inafaa kuelezwa taratibu. Kama sifuri ya mita ingewakilishwa na sifuri ya umeme, waya uliokatwa na panya ungesema sawasawa na mto uliokauka. Kwa kuanzia 4, mita sifuri ina sauti yake, na waya uliokatika una kimya chake. Mfumo uliopangwa vizuri hubandika alama kwenye namba kama hiyo: usiiamini. Mfumo uliopangwa ovyo huendelea kuonyesha namba ya mwisho uliyoipokea, iliyonyooka kama mstari wa rula, na mtu wa zamu anafurahi kwamba mto umetulia.

Swali la pili, la muda, lina ugumu zaidi, kwa sababu kila kitu kina mwendo wake. Umeme wa Kongo hutembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Katika gridi ndogo inayojitegemea, mteja mkubwa akizima ghafla, mashine huanza kukimbia mara moja na mizunguko hupanda. Kifaa cha kudhibiti kasi, kilichofungwa kwenye mashine yenyewe, hakingoji kuulizwa na kompyuta ya mbali. Hufunga maji chenyewe. Ila fundi akitaka kujua baadaye nini kilitokea, usomaji wa kila dakika hautamsaidia: tukio lote lilizaliwa na kufa kati ya namba mbili. Joto la beringi ni kinyume chake. Ni chuma kizito chenye mafuta, hupanda polepole, na kulisoma kila sekunde ni kama kufungua chungu cha maharage kila baada ya kupepesa jicho. Kina cha mto kiko katikati: mvua ikipiga vilimani hubadilika kwa dakika na saa.

Mtu anaweza kusema, basi tuulize kila kitu kila sekunde, shida iko wapi? Shida ni hesabu. Pointi 1,000 zikisomwa kila sekunde huzaa namba 86,400,000 kwa siku. Zikisomwa kila dakika, ni 1,440,000. Tena njia yenyewe ni nyembamba. Vifaa vingi bado huzungumza kwa Modbus, lugha iliyotungwa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979, ambamo muulizaji ni mmoja na vifaa hujibu kwa zamu. Ikiwa swali na jibu lake huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, vifaa 40 kwenye waya mmoja humaliza sekunde 4 kwa mzunguko mmoja. Kuuamuru mfumo huo uulize kila sekunde hakuufanyi uwe na haraka. Foleni inajaa, na namba zinafika zimechelewa huku zikijidai ni za sasa.

Ndiyo maana pointi hugawanywa makundi, kila kundi na kasi yake, na zile zilizotulia huambiwa zinyamaze mpaka zibadilike vya kutosha. Programu za kuhifadhi data za viwanda, kama ile ya OSIsoft, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1980 na ambayo leo iko mikononi mwa AVEVA, zimejengwa juu ya wazo hilo. Ni sawa na mtoto aliyetumwa ufukweni Vitshumbi kutazama kama mitumbwi imerudi. Haji nyumbani kila dakika kusema bado. Anakuja mitumbwi ikionekana. Lakini je, akilala chini ya mti? Kimya cha usingizi na kimya cha bado vinafanana. Mama mwenye akili humwambia: hata kama huoni kitu, njoo uniambie kila saa. Programu hizo zina nafasi ya kuandika agizo hilohilo, muda mrefu kuliko wote ambao pointi inaruhusiwa kukaa kimya. Anayeiacha nafasi hiyo bila kuifikiria ameajiri mtoto anayelala.

Kiasi cha badiliko nacho kina hatari yake. Nusu nyuzi kwa joto la beringi yaweza kufaa. Nusu mita kwa kina cha mto ni upofu.

Hakuna mahali ambapo swali la kasi lina uzito zaidi kuliko huko kusini, kwenye volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma. Kipimo cha mitetemo cha kisasa kwa kawaida husoma mara 100 kwa sekunde, katika pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Kipimo kimoja, siku moja, namba 25,920,000. Kwa miezi kadhaa kabla ya Aprili 2021, baada ya ufadhili kukoma, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikosa intaneti ya kupokea data kutoka kwa vifaa vyake vya mbali. Mawasiliano yalirudi, na tarehe 22 Mei, jioni, lava ikashuka. Watu wasiopungua 30 walikufa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba dalili za wazi zilitangulia mlipuko kwa dakika 40 hivi tu.

Haifai, kwa hiyo, kudai kwamba vipimo vingi zaidi vingewaokoa wote. Mlima haukutoa onyo refu. Ila siku zilizofuata, mitetemo iliyosomwa na vipimo hivyo ilionyesha magma ikisogea kusini, chini ya mji wenyewe na Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame.

Namba hizo zote zisingekuwa na maana bila saa. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Na Ziwa Edward lina saa mbili juu ya maji yaleyale: ikiwa saa sita mchana Vitshumbi, ni saa saba Rwenshama, ng'ambo ya Uganda. Orodha mbili za kina cha ziwa, moja kutoka kila ufuko, zikiunganishwa bila kusema ni saa ya nani, zitaonyesha wimbi linalovuka ziwa kwa saa moja, wimbi ambalo halijawahi kuwapo. Mafundi makini huandika kila namba kwa saa moja ya dunia na kuigeuza kuwa ya mahali pale tu inapomfikia msomaji.

Kuna data nyingine inayokwenda mwendo wa kobe kabisa. Viboko wa upande wa Kongo wa ziwa hili na mito yake walikuwa takriban 29,000 katikati ya miaka ya 1970. Kinyesi chao kililisha maji, na maji yalilisha samaki wa Vitshumbi. Huhesabiwa kwa ndege inayoruka chini, na kusoma pointi hiyo mara moja kwa miaka michache kungetosha kabisa kwa mnyama azaaye ndama mmoja kwa mimba. Vita vilifanya nafasi kati ya hesabu na hesabu iwe ndefu, na ujangili haukungoja. Ilipofika 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, na wavuvi wa Vitshumbi walikuwa wamekwisha kuziona nyavu zao zikipungukiwa kwa miaka mingi.