Shimo Moja, Migomba Mitatu

Mgomba ukiachwa bila kuhudumiwa haufi. Hutoa machipukizi kila upande mpaka shina moja linageuka kichaka, na mpita njia akikiona hudhani mwenye shamba amejaliwa. Wakulima wa Kagera na Kilimanjaro hawadanganyiki na wingi huo. Wanajua kwamba migomba kumi ikigombania mbolea na maji ya shimo moja itazaa mikungu midogo, ndiyo maana hushauriwa kubakiza mitatu: mama aliyebeba mkungu, mtoto atakayemfuata, na mjukuu. Yanayozidi hung'olewa. Tunapofananisha urafiki na bustani huwa tunataja kumwagilia na kupalilia, lakini kazi hii ya kupunguza tunairuka kwa kuwa inaonekana ya kikatili. Kwangu mimi, hiyo ndiyo yenye la kutufundisha.

Urafiki nao hula kitu chenye kikomo, yaani muda. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alitoa makadirio ya saa ambazo watu huhitaji kuwa pamoja: takriban 50 ili waliojuana juzi wawe marafiki wa kawaida, 90 hivi ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya 200 ili washibane. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito kama za mazungumzo na mapumziko. Mwenye nafasi ya saa mbili kwa wiki, basi, atahitaji karibu miaka miwili kushibana na mtu mmoja tu. Mtafiti Mwingereza Robin Dunbar naye anasema mduara wa ndani kabisa wa mtu hubeba watu kama 5, na mduara mpana kama 150. Mwaka 2021 watafiti wa Stockholm walipinga hiyo 150, wakisema hesabu zake hazithibitishi kikomo kimoja kwa wote. Wana haki ya kubisha. Hata hivyo, wawe watano au wanane, wiki haiongezwi siku.

Wengi watauliza: si tulilelewa tukiambiwa kwamba mtu ni watu? Nani atakuja msibani kwa aliyepunguza marafiki? Swali ni zuri, na jibu lipo shambani kwenyewe. Chipukizi zuri halitupwi. Huchimbuliwa na kipande cha tunguu lake, likapandwa kwenye shimo lingine au akapewa jirani anayeanza shamba. Vivyo hivyo, usiyeweza kuonana naye kila wiki hageuki adui wala mgeni. Anabaki mtu wa salamu za Idi na Krismasi, wa michango ya harusi, wa kuhani. Kinachoumiza ni kuwaahidi watu thelathini ukaribu ambao una uwezo wa kuwapa wanne, kisha wote wakungoje.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba rafiki si zao. Hapo mfano wa mgomba unafika mwisho wake, na ni vyema tukubali. Mkulima hutazama mkungu, lakini rafiki mgonjwa, au aliyeachishwa kazi, hana cha kukupa msimu huu, naye ndiye hasa wa kubaki karibu. Kipimo kiwe kutafutana: je, yeye naye hukuuliza hali bila kuwa na shida, au miaka yote ni wewe unayepiga simu?

Na namna ya kupunguza ina adabu yake. Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye kuingia Kagera, huenezwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likahamia mzima. Ndiyo maana wakulima hufundishwa kulipitisha motoni au kulisafisha kwa jiki. Anayesogea mbali na rafiki huku akipeleka siri zake kwa waliobaki anawaambukiza shaka hao hao aliotaka kuwatunza, maana kila mmoja ataanza kujiuliza zamu yake itafika lini.