Wasifu na Tawasifu: Mfano wa Siti binti Saad

Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa naye mwenyewe. Wasifu huandikwa na mwingine. Mpaka huo hulegea katika Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1958. Siti, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, hakujua kuandika. Shaaban alikutana naye karibu na kifo chake cha mwaka 1950, akamsikiliza, akaandika. Mkono ni wa mwandishi. Ushahidi ni wa msanii.

Umaskini wake haukufichwa. Utotoni aliitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akatembea akivinadi. Sauti iliyozoea kunadi ndiyo iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928. Waliomdharau kwa nasaba na sura aliwajibu kwa nyimbo.

Mfano huo unawahusu pia wanafunzi wa ukingo wa Tanganyika. Makobola, raia wengi waliuawa mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, wakazikwa pamoja na masimulizi yao. Msanii mzee asiyejua kuandika huhitaji msikilizaji mwaminifu angali hai, wala si msifu wa matangani.