Ukikutana na Mkimbizi Mgeni Njiani

Mtu aliyetoka kuvuka mpaka wa Burundi jana usiku, au aliyeshuka mtumbwini kutoka upande wa Kongo, hafanani na mkimbizi wa kwenye mabango. Anaweza kuwa mwalimu aliyevaa shati lake la kazini, au bibi mwenye kuku kwapani. Wewe unayesafiri Kigoma, Kasulu na Tabora, kwa treni au kwa basi, iko siku mtaketi benchi moja. Wema utakusukuma ufanye jambo. Lakini upo wema unaoponya na upo unaodhuru, na kuutofautisha si kazi ngumu.

Anza na maji. Mei 2015 Warundi makumi ya maelfu waliokimbia kwao walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Njia ya kutoka ilikuwa ziwani. MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwabeba kama 600 kwa safari hadi Kigoma, wakahifadhiwa kwa muda Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Huko Kagunga ziwa lilikuwa kisima, bafu na choo kwa pamoja, na kipindupindu kikalipuka. Watu wapatao 30 walikufa, wakiwemo Watanzania.

Kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Sumu ya vijidudu hufanya utumbo umwage maji na chumvi bila kipimo, na mtu mzima aweza kufa ndani ya saa chache. Ukimnywesha maji matupu, mengi hupita tu. Kinachosaidia ni sukari: utumbo unapoifyonza hufyonza na chumvi, kisha maji hufuata nyuma yake. Ndiyo maana pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wenye bei ya soda, inaokoa maisha. Usipokuwa nayo, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, si vya kurundika. Onja kwanza, yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Mpe kidogo kidogo hata kama anatapika, huku mwenzako akikimbilia zahanati. Dawa hii haichukui nafasi ya mganga. Inampa mgonjwa muda wa kumfikia.

Chakula nacho kina mambo yake. Aliyekonda sana, aliyekaa siku nyingi bila kula, usimjazie sinia la wali na nyama. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla hubadilisha haraka mpangilio wa madini kwenye damu, na moyo unaweza kushindwa. Uji mwepesi, kikombe kidogo, kisha kingine baadaye. Na mama anayenyonyesha usimnunulie mtoto wake maziwa ya kopo. Najua inauma kusikia kichanga akilia, ila kopo lenyewe litachanganywa na maji yaleyale machafu, na mtoto ataacha ziwa ambalo ndilo ngao yake. Mlishe mama, mnyweshe mama. Mtoto atapata chake.

Nguo? Gawa tu, hakuna la kuhadharisha.

Sheria ndiyo inayowaponza wenye huruma. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayetafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, na mmoja wa wanaoweza kumpokea ni mtendaji wa kijiji. Si lazima mtu afike mjini wala apande ngazi za ofisi kubwa. Kumwelekeza kwa mtendaji, hata kumsindikiza, ni msaada mkubwa kuliko noti ya elfu kumi. Kumpakia kwenye gari lako umpeleke Tabora kwa shemeji yake ni jambo jingine. Mkimbizi huishi eneo lililotengwa na hutoka kwa kibali. Akikutwa njiani bila karatasi anaweza kukamatwa, nawe ukahojiwa kwa kumsafirisha. Mtoto aliyepotezana na wazazi ndiyo kabisa usimchukue nyumbani kwako. Kila kilomita unayomsogeza inampunguzia nafasi ya kupatikana. Mkabidhi kwa viongozi pale ulipomkuta, utaje jina lake na kijiji alichokutajia. Msalaba Mwekundu wana utaratibu wa kuwatafuta jamaa. Na simu yako iwe ya kumpigisha, si ya kumpiga picha. Aliyemkimbia anaweza kuwa anaangalia mtandao.

Njia hii ya Tabora na Kigoma haikuanza juzi kupokea watu waliochoka. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo ikaingia Unyanyembe, ilipo Tabora, kisha ikashika njia ya Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi akiugua Uzaramo, mbali sana na kwao, nani atamtunza? Wataalamu wengi wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani na shida hiyohiyo. Mtani ana haki ya kukutania mpaka msibani, hata kukuchukulia kuku bila kuomba, na ana wajibu wa kukuhudumia unapofiwa. Ninachokipenda humo ni kwamba haukungoja mtu aguswe moyo. Ulikuwa wajibu, kila upande unaujua. Tusiipambe njia yenyewe, lakini. Hiyohiyo ilipitisha watumwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, wakiwa minyororoni, na utani haukuwafungua.

Karne iliyofuata wageni waliendelea kupokelewa: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walifyeka miombo, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa kodi. Mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Waliopewa uraia katika makazi hayo matatu ni zaidi ya 162,000. Leo ukinunua gunia la mahindi kutoka Ulyankulu hujui limelimwa na nani, wala huna haja ya kuuliza.

Raha ya kumpokea mgeni nayo isisahaulike. Mtanzania ana kitu ambacho mashirika hukodi wakalimani kukipata: Wakongo wengi wa Fizi na Uvira wanazungumza Kiswahili, na Mrundi ukimwamkia “amahoro” uso wake unafunguka. Mpe nusu ya muhogo wako wa kuchoma, bishaneni kama kisamvu kinataka mawese au karanga, mwache akushinde. Kwa saa hiyo yeye ni msafiri mwenzako, basi.

Kabla ya safari yako ijayo ya Kigoma, pitia duka la dawa ununue pakiti chache za ORS uzitie mkobani, na ukifika kituo cha kwanza cha kushuka, ulizia ofisi ya mtendaji iko wapi.