Masisi na Walikale: Muziki gani wa kusikiliza pamoja na mtoto mdogo? Santuri za wazee zina fundisho

Jioni ikifika katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, muziki wa nyumba unatoka kwenye kitu kimoja: telefone ya baba ao ya mama, ao radio ndogo yenye kuingiza karte ya memori. Ndani ya karte hiyo munakuwa nyimbo mia, hata elfu, zilizotiwa haraka haraka na kijana wa sokoni. Hakuna aliyezichagua. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu naye ameketi hapo hapo karibu ya moto, na anasikia yote: kwaya, ndombolo, matangazo, matusi, na mara nyingine milio ya bunduki ya filme.

Kwa mtoto wa Sake, Kitchanga, Nyabiondo, Pinga ao Mubi, jambo hili si dogo. Wengi kati ya watoto hao wamezaliwa katika kukimbia. Sauti kubwa ya gafla kwao si mchezo. Ndiyo maana kuchagua muziki wa nyumbani, ule ambao mtoto na wazazi wote watafurahia, ni sehemu ya kumlea, kama vile kumchagulia chakula.

Wazee wetu walichagua namna gani?

Mbele ya kuwa na karte na telefone, kulikuwa santuri, ile sahani nyeusi ambayo wengi wanaiita disque. Santuri za kwanza zilizunguka mara 78 kwa dakika moja. Kila upande ulibeba wimbo mmoja tu, wa karibu dakika tatu. Zilivunjika kama sahani ya udongo. Kisha Wamarekani walileta santuri ya vinili: ile kubwa ya mizunguko 33 mwaka 1948, na ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka 1949. Santuri kubwa ilibeba karibu dakika ishirini kwa upande mmoja.

Hapa Kongo, mwaka huo huo wa 1948, Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha nyumba ya kurekodi Ngoma kule Léopoldville, leo Kinshasa. Ndipo Wendo Kolosoy alirekodi wimbo Marie-Louise pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Nyumba zingine zilifuata, kama Opika na Loningisa. Santuri hizo zilisafiri kwa meli, kwa treni na kwa magari ya wafanyabiashara, zikafika hata mashariki. Gramofoni ya kuzungusha kwa mkono haikuomba umeme, basi ilifanya kazi hata pahali ambapo hakuna moto wa kampuni.

Santuri ilikuwa bei, kwa hiyo mtu hakununua elfu. Alinunua mbili, tatu, akazijua vizuri. Ili wimbo ulie, mtu mkubwa alipaswa kusimama, kutoa sahani kwenye karatasi, kuiweka na kushusha sindano. Wimbo ukiisha, kulikuwa kimya. Mtoto alijua kwamba wimbo una mwanzo na una mwisho, na kwamba kuna mtu anayeuchagua. Karte ya memori iliondoa mambo hayo yote. Lakini mzazi anaweza kuyarudisha bila kuwa na gramofoni.

Mtoto mdogo anapenda nini?

Mtoto anaanza kusikia angali tumboni, katika miezi ya mwisho ya mimba. Anazaliwa akijua sauti ya mama yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 juu ya watoto wa miezi mitano hadi miaka miwili ulionyesha kwamba watoto hao wanatikisa mwili zaidi kwa muziki na kwa mapigo ya ngoma kuliko kwa maneno ya kawaida. Kila mama anayebeba mtoto mgongoni wakati wa kutwanga anajua jambo hilo.

Zaidi ya yote, mtoto wa umri huo anapenda kurudiliwa. Wimbo ambao mzazi ameuchoka, kwake ndiyo unaanza kuwa mtamu, juu anaweza kujua kitakachofuata. Ndiyo maana nyimbo kumi zinazorudi kila siku zinamfaa kuliko nyimbo elfu zinazopita mara moja. Anapenda pia wimbo wa kuitikiana, ambapo mmoja anaimba na wengine wanajibu. Hata asiyejua kusema anaweza kujibu kwa sauti moja tu, ao kwa kupiga mikono.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa 12 mwaka 2021, ina faida ya pekee kwa nyumba yenye mtoto. Nyimbo nyingi zina sehemu mbili: mwanzo wa polepole wenye kuimba, kisha sebene, pale gitaa zinachukua njia na watu wanasimama kucheza. Katika santuri ndogo, wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mzazi anaweza kufanya vile vile. Mchana, sebene ya kucheza na mtoto. Usiku, sehemu ya polepole peke yake, kisha anazima.

Nyimbo ambazo zinaweza kufaa

Kwa kuanza, kuna gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jadotville, leo Likasi, akamrekodi. Wimbo wake Masanga unajulikana dunia nzima kwa wapiga gitaa. Ni gitaa la vidole, lenye kuzunguka polepole, bila kelele, na mtoto anaweza kulala nalo. Bosco aliimba sana katika Kiswahili, kwa hiyo wazazi wa mashariki wanamsikia bila mtafsiri.

Malaika, ulioimbwa na Fadhili William wa Kenya na kisha Miriam Makeba, ni wa polepole na maneno yake ni ya Kiswahili chepesi. Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa umejaa salamu zinazorudi rudi; mtoto anayeanza kusema anazishika mbio. Samba Mapangala, Mkongomani aliyefanya kazi Nairobi na orkestra yake Virunga, jina la milima yetu, ana nyimbo za kucheza ambazo baba na mama pia watafurahia. Na Indépendance Cha Cha wa Grand Kallé na African Jazz, wa mwaka 1960, unampa babu nafasi ya kueleza historia kwa watoto wakubwa wakati mdogo anaruka ruka.

Nyimbo za wakubwa hazikatazwi zote. Mario wa Franco, wa mwaka 1985, unasema juu ya kijana anayekula mali ya mwanamke aliyemuzidi umri. Mtoto wa miaka miwili hataelewa hadithi, na gitaa zake ni nzuri. Lakini mtoto wa miaka mitano atauliza. Mzazi ajue jibu lake mbele.

Maneno ya kukimbia

Kuna nyimbo ambazo mzazi anapaswa kuzifuta kwenye karte: zile za kutukana kabila lingine ao kusifu kuua. Mtoto haelewi maneno, lakini anashika sauti. Siku moja ataimba kwenye bomba la maji, mbele ya jirani ambaye wimbo huo unamtukana. Jirani hatafikiri kwamba mtoto alijifunza kwenye redio. Atafikiri alijifunza kwa wazazi wake. Katika maeneo yetu ambako Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, Wakumu na wengine wanachota maji pahali pamoja, wimbo mmoja unaweza kuharibu ujirani wa miaka.

Sauti iwe kiasi gani?

OMS inashauri kwamba mtoto asisikilize kwa zaidi ya desibeli 75 kwa masaa 40 katika juma moja. Kwa mtu mkubwa ni 80. Nyumbani hakuna chombo cha kupima, lakini kuna njia rahisi: kama mtu anapaswa kupaza sauti ili kusema na mwenzake aliye karibu wa kushikwa mkono, muziki umepita kiasi. Mtoto asiketi mbele ya bafle, hata kwenye harusi ao kanisani. Vyombo vya kuweka ndani ya masikio si vya mtoto mdogo. Na usiku, pahali ambapo usalama ni kidogo, sauti kubwa inaweza kuita watu wasiongojewa.

Kitu kingine ni karte yenyewe. Ni ndogo kama ukucha, na mtoto anatia kila kitu kinywani. Pile ndogo za duara ni hatari zaidi: ikimezwa, inaweza kuunguza koo kwa masaa machache tu, na mtoto anapaswa kufikishwa hospitali mara moja. Telefone pia iwekwe juu, uso wake chini. OMS haishauri mtoto aliye chini ya miaka miwili kutazama ekra hata kidogo. Masikio yanatosha.

Wimbo ambao haukuwa kwenye santuri

Walikale ina hazina yake. Mwaka 1956, Daniel Biebuyck aliandika hadithi ndefu ya Mwindo kutoka kinywa cha Shé-Karisi Candi Rureke, Mnyanga. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kikiwa kimetayarishwa pamoja na Kahombo Mateene. Hadithi hiyo haikusemwa tu, iliimbwa pia, na watu wakaitikia huku wengine wakipiga vijiti. Mwindo mwenyewe ni mtoto aliyezaliwa akijua kusema na kutembea. Mdogo wa nyumbani angefurahi kumjua.

Familia nyingi zilizokimbia hazikubeba santuri, hazikubeba hata redio. Zilibeba sufuria, kitanda cha majani, na mtoto. Lakini bibi alikuja na nyimbo zake, za Kihunde, za Kinyanga, za Kitembo ao za Kinyarwanda. Telefone yenyewe inaweza kuzirekodi. Dakika tatu zinatosha, kama upande mmoja wa santuri ya zamani.

Basi, kwa juma hili, familia inaweza kujaribu hivi: kuchagua nyimbo kumi tu kwenye karte ya nyumba. Mbili za polepole kwa kulala, nne za kucheza, mbili za kanisa ao za sala, na mbili zilizoimbwa na mtu wa familia. Zipigwe saa moja ile ile kila jioni, mzazi akiwa ameketi pamoja na mtoto, kisha redio izimwe. Nyuma ya siku chache, mtoto mwenyewe ataonyesha, kwa kutikisa kichwa ao kwa kulia ukizima, wimbo gani ni wake.