Kopa la Nyumbani Si la Kukopa

Ndugu msomaji, hebu tumchukulie askari mmoja wa jijini Bujumbura. Amekesha lindoni usiku kucha, na alfajiri anarejea nyumbani kwake Buyenzi, miguu imechoka na macho yamemwiva. Anaikuta chai mezani. Pembeni mwa chai pana sahani ya maandazi, lakini maandazi hayo si ya pembe tatu kama yauzwavyo barabarani. Kila moja limekatwa kwa umbo la kopa. Anapoinua uso anaona kopa jekundu limedariziwa kwenye pazia la mlango, na mengine mawili kwenye foronya za mito ya viti.

Askari wetu anaangua kicheko. “Mama watoto, mimi nimetoka kazini, nawe wanilisha vitu vya kuchezea watoto?”

Mkewe hajibu neno. Kesho yake maandazi yanarudi kuwa ya pembe tatu. Ladha ni ileile, na sukari haikupungua. Hata hivyo, nyumbani humo limekwisha kusemwa neno moja la upendo, nalo limerudishwa bila kujibiwa. Makala haya yanakusudia kueleza neno lile lilikuwa na maana gani, na kwa nini mtu avaaye sare ndiye hasa asiyepaswa kulicheka.

Tuanze na jina lenyewe. Wacheza karata wa pwani huzitaja karata zao kopa, uru, shupaza na pau. Majina hayo tuliyapata kwa Wareno, ambao walifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498. Kwa lugha yao “copa” maana yake ni kikombe, kwa kuwa karata zao za kale zilichorwa vikombe mahali ambapo karata za Kifaransa zimechorwa mioyo. Baadaye michoro ilibadilika, lakini jina likabaki. Hivyo basi, kila tusemapo kopa kwa Kiswahili tunataja moyo na kikombe kwa pamoja. Ni jina la bahati njema, maana moyo wa mwenye nyumba hujulikana kwa kile anachommiminia aingiaye.

Wala umbo lenyewe si geni machoni petu. Litazame jani la magimbi shambani, au jani la viazi vitamu ambalo mboga yake twaiita matembele. Mengi yana umbo hilo hilo. Hata nchi yetu, yenye kilomita za mraba 27,834 tu, husifiwa kuwa moyo wa Afrika kwa ajili ya mahali ilipo na umbo lake kwenye ramani. Askari anayelinda mipaka ya nchi yenye sifa hiyo ana sababu gani ya kulionea haya kopa lililo mezani pake?

Yawezekana mtu akasema kwamba mapambo ya namna hii ni mambo ya wanawake, hayamhusu mwanajeshi. La hasha! Mwaka 1782, Jenerali George Washington wa Marekani alianzisha nishani ya kuwatuza askari wa kawaida kwa matendo yao mema vitani. Nishani hiyo haikuwa ya dhahabu wala ya fedha, bali ilikuwa kipande cha nguo ya rangi ya zambarau, kilichokatwa kwa umbo la moyo. Ilifufuliwa mwaka 1932, na hadi leo hupewa askari wa nchi hiyo waliojeruhiwa au kuuawa na adui.

Tena, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Uingereza, wakiwemo waliokuwa wakiuguza majeraha, walishona mito midogo ya kuchomekea pini, mingi ikiwa na umbo la moyo. Waliijaza vumbi la mbao, wakaipamba kwa shanga na alama za vikosi vyao, kisha wakawapelekea wake, mama na wachumba wao. Mikono iliyozoea bunduki haikuona aibu kushika sindano.

Mataifa mengine nayo hulitia umbo hilo katika chakula. Nchini Norway akina mama hupika vikate vyembamba kwa chuma chenye mioyo mitano iliyopangwa kama ua. Kaskazini mwa Croatia mafundi huoka mikate ya asali yenye umbo la moyo, huipaka rangi nyekundu na kuipamba kwa michoro, na watu hupeana kama zawadi. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwetu sisi wasema Kiswahili, kopa huonekana kwenye kanga, kwenye vitambaa vya kufuma vya kufunikia viti, na kwenye foronya zilizodariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni au kumtakia mtu usiku mwema.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kazi ya jeshi na ya polisi humwondoa mtu nyumbani. Kuanzia Desemba 2007 majeshi yetu yalipelekwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na maelfu ya nyumba zikabaki na mama na watoto peke yao kwa miezi mingi. Nyumba kama hiyo hujifunza kuishi bila baba. Arejeapo, baba huyo huja na desturi za kambini: amri fupi, sauti kali, na macho yasiyotulia. Mke hawezi kumwambia kwa maneno, “Weka silaha za moyo chini, hapa huna adui.” Kwa hiyo hulidarizi neno hilo kwenye pazia, au hulikata katika unga. Anayelicheka huwa ameifukuza salamu iliyomngojea muda mrefu.

Hata hivyo, hapana budi kutoa onyo. Kila ifikapo tarehe 14 Februari, maduka ya jijini hupambwa kwa vitu vyekundu vya bei kubwa, na wako wanaokopa ili wasionekane wanyonge mbele ya majirani. Kopa la kukopa halipambi nyumba. Mwisho wa mwezi huja kudaiwa mlangoni. Lililo bora ni lile la mikono. Kunja karatasi katikati, chora nusu ya kopa kwenye mkunjo, kata, kisha kunjua. Hicho ndicho kipimo cha kukatia maandazi au kudarizia foronya.

Anayetaka keki naye hahitaji chombo maalumu. Na aoke keki mbili, hata kwa sufuria yenye makaa juu na chini: moja ya mraba wenye upande wa sentimita 20, na nyingine ya duara yenye kipenyo cha sentimita 20. Ile ya mraba aigeuze pembe moja imwelekee yeye. Ile ya duara aikate nusu mbili, na kila nusu aiegemeze kwenye upande mmoja kati ya zile mbili za juu. Kopa limekamilika.

Yafaa pia ieleweke kuwa pambo halifuti ukali. Polisi waitwao usiku kuamua ugomvi wa mume na mke wanajua kuwa vilio hutoka hata katika nyumba zilizopambwa vizuri. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kopa ukutani ni ahadi, na ahadi hutimizwa na wote wawili waishio ndani.

Turudi kwa askari wetu wa Buyenzi. Hatumwagizi anunue kitu. Tunamwomba tu siku yake ya mapumziko aamke mapema, aingie jikoni, na aseme, “Mama watoto, nionyeshe namna ulivyoyakata yale maandazi.” La kwanza atakalolikata huenda likapinda upande. Asilitupe. Alitie mafutani pamoja na mengine, na alile yeye mwenyewe mbele ya watoto wake.