CHAPATI ZA MAJI: PIKA, GEUZA, USIUNGUE



Chapati za maji zinapendwa sana hapa Makunduchi. Tunazila asubuhi kwa chai. Tunafuturu nazo mwezi wa Ramadhani. Siku za Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, wageni ni wengi na majiko huwaka kutwa.

Kupika chapati hizi ni kazi rahisi. Lakini chuma cha moto ni hatari, hasa kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuungua. Wengi huungulia nyumbani na kazini. Leo tujifunze kupika vizuri na kujikinga.

KUTAYARISHA

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, yai 1, chumvi kidogo na iliki ukipenda. Tia tui jepesi au maji safi, kiasi cha vikombe 2 na nusu. Mimina kidogo kidogo huku unakoroga, ili unga usifanye madonge. Uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa. Uache dakika 20 unga unywe maji. Ukizidi kuwa mzito, ongeza maji kidogo. Usiulaze mpaka kesho, kwa sababu una yai bichi.

Yai hujenga mwili. Chapati peke yake haitoshi. Mpe mtoto pamoja na kunde, samaki au tunda. Sukari iwe kidogo.

KUPIKA NA KUGEUZA

Weka chuma kwenye moto wa wastani. Dondosha tone la maji. Likichacharika na kukauka mara moja, chuma kiko tayari. Chapati ya kwanza ikiganda, mara nyingi ni kwa sababu chuma hakijapata moto.

Paka mafuta kidogo tu. Mimina upawa mmoja katikati, kisha tandaza upesi kwa mgongo wa upawa. Sasa subiri. Usiiguse. Ukiigeuza mapema itachanika.

Tazama dalili tatu: juu pamekauka, mng'aro umekwisha, na kingo zinaanza kuinuka. Hapo pitisha mwiko bapa chini yake mpaka katikati. Igeuze polepole, karibu na chuma, kuelekea mbele na si upande wako. Usiirushe juu. Ikirushwa, mafuta huruka na kukuunguza. Upande wa pili hauchukui muda mrefu.

JIKINGE

Funga kanga vizuri na kunja mikono mirefu ya nguo. Mpini wa kikaango usielekee njiani. Usipike huku umempakata mtoto. Mafiga yako chini, na mtoto anayetambaa huyafikia upesi. Mtu mwingine amshike mtoto mbali na jiko. Ukimaliza, chuma kiweke mahali pa juu mpaka kipoe.

Mafuta yakishika moto usimwagie maji. Moto utaruka. Funika kwa mfuniko.

MTU AKIUNGUA

Mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua, kwa dakika 20. Maji ndiyo dawa ya kwanza. Vua pete, bangili na nguo zilizo karibu, lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Sehemu nyingine ya mwili ifunike mtoto asipate baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi.

Usipake dawa ya meno, mafuta, jivu wala ute wa yai. Vitu hivi havipozi ngozi, na vingine huingiza vijidudu. Malengelenge usiyapasue.

Nenda kituo cha afya au Hospitali ya Makunduchi ikiwa aliyeungua ni mtoto mchanga. Au ameungua uso, mikono, maungo au sehemu za siri. Au jeraha limezidi kiganja chake. Usingoje kesho. Kidonda cha kiungo kikipona vibaya, ngozi hujikunja na mkono haunyooki tena.

Mama, baba, na vijana: jiko ni letu sote. Mmoja akipika, mwingine amwangalie mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Utajuaje kuwa chapati iko tayari kugeuzwa?
2. Kwa nini tusipake dawa ya meno mahali palipoungua?
3. Nyumbani kwako, nani humwangalia mtoto wakati wa kupika?