Ukienda ocha Kalama Desemba hii, tafuta nyota moja nyekundu

Ukiinua macho usiku ukiwa Nairobi, unaona nini? Taa za mabango, minara ya simu, labda ndege ikishuka JKIA. Nyota zenyewe unazihesabu kwa vidole. Sasa panda matatu hadi Machakos mjini, unganisha nyingine ya kwenda Kola, uingie vilima vya Kalama usiku usio na mbalamwezi. Aisee, mbingu ya huko imejaa!

Basi mwezi wa Desemba, mwendo wa saa tatu usiku, geukia mashariki. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, zote zikikaribiana kwa mwanga. Ufuate huo mstari kwenda juu, ukipinda kushoto kidogo, utafika kwa nyota yenye wekundu wa kaa la moto. Hiyo inaitwa Aldebaran. Ukizidi kusonga mbele utakuta kifungu kidogo cha nyota zilizobanana. Hicho ni Kilimia, kile ambacho wazee walikiangalia kujua msimu wa kulima. Na jina Aldebaran lilitoka kwa Kiarabu, maana yake mfuasi, kwa sababu kila usiku inakifuata Kilimia nyuma nyuma.

Mbona ni nyekundu? Wengi hudhani nyekundu ni moto zaidi. Wapi! Mtazame fundi wa jua kali akichoma chuma: kwanza kinakuwa chekundu, kikizidi kushika joto kinageuka njano, halafu kinaelekea weupe. Nyota ni vivyo hivyo. Uso wa Aldebaran una joto la nyuzi 3,600 hivi za Selsiasi. Jua letu lina kama 5,500. Yaani hii yetu ndiyo moto zaidi.

Lakini sasa, kama imepoa hivyo, inawezaje kutoa mwanga mara 400 hivi kuliko Jua? Jibu ni ukubwa. Upana wake ni kama mara 44 ya Jua. Chukua punje moja ya ndengu kutoka shamba la shosho, useme hilo ndilo Jua. Aldebaran itakuwa mpira wa miguu.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Uzito wa huo mpira umeizidi ile ndengu kidogo tu! Kwa hivyo gesi yake imetawanyika sana. Hewa unayopumua hapo ulipo ni nzito kuliko gesi hiyo, kwa wastani, mara 50 hivi.

Ilifikaje hapo? Kwa kuzeeka. Nyota huishi kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu katikati yake. Aldebaran imemaliza haidrojeni ya katikati. Kiini kikajibana, haidrojeni iliyokizunguka ikashika moto, na tabaka za nje zikafura na kupoa. Nyota iliyofikia hali hiyo huitwa jitu jekundu.

Jua letu lina miaka bilioni 4.6, na baada ya bilioni 5 hivi nyingine litapita njia iyo hiyo. Usianze kufunga virago. Ila ujue kwamba unapoitazama Aldebaran, unatazama uzee wa Jua linalokausha mahindi yenu.

Na uzee huo si hasara tupu. Majitu mekundu yakizidi kuzeeka hupika heliamu ikawa kaboni, kisha huipuliza angani. Sehemu ya kaboni iliyo kwenye gunia la makaa, kwenye githeri na kwenye damu yako ilipikwa ndani ya nyota za aina hiyo zilizokufa kabla Dunia haijakuwepo.

Mwanga wake wenyewe husafiri miaka kama 65 kabla ya kufika Kalama. Unaoupokea leo uliondoka huko enzi ambazo nchi hii ilikuwa ikingoja uhuru wa 1963.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini darasa hili halina karo, halina bandolo na halitaki darubini. Linataka giza tu, na giza mtaani limeisha. Huko Kalama bado lipo, ingawa kila mwaka taa zinaongezeka. Kwa hivyo Desemba hii weka simu mfukoni, toka nje na shosho, umwombe akuonyeshe Kilimia. Halafu wewe umwonyeshe mfuasi wake.